Likizo Kisiwani Mafia: Upepo, Mwezi na Kisima

Kisiwa ni mahali ambapo mambo mengi yaonekanayo ya kawaida huko bara hubidi kuhesabiwa. Maji hayaletwi na mto utokao nchi ya mbali. Chakula kisicholimwa wala kuvuliwa pale hufika kwa chombo. Na mgonjwa anayehitaji hospitali kubwa hana budi kungoja bahari itulie au ndege itue. Kwa sababu hiyo likizo ya kisiwani haipangwi kama likizo ya mjini. Aendaye mjini huchagua siku kwanza, kisha akatafuta usafiri. Aendaye kisiwani yampasa aanze na upepo, afuatie mwezi, aulizie habari za kisima, ndipo achague siku.

Mfano mzuri wa jambo hili ni Mafia. Funguvisiwa hili limo katika Bahari ya Hindi, karibu na latitudo ya nyuzi 8 kusini ya ikweta, mkabala na delta ya Mto Rufiji. Kisiwa kikubwa ndicho chenye mji wa Kilindoni, ulio upande wa magharibi. Upande wa kusini-mashariki imo Ghuba ya Chole, pamoja na visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Mwaka 1995 sehemu hiyo ya kusini-mashariki, yenye eneo la kilomita za mraba 822, ilifanywa hifadhi ya bahari, ya kwanza ya namna yake nchini Tanzania, baada ya uvuvi wa baruti kuharibu matumbawe kwa miaka mingi. Wageni huenda huko kuona matumbawe hayo, papa potwe, kasa wanaotaga katika fukwe za Juani, na magofu ya mji wa kale wa Kua. Kisiwani Chole huenda pia kuwatazama popo wakubwa walao matunda. Jamii ya popo hao hupatikana pia katika Visiwa vya Komoro, lakini haipatikani kabisa katika bara la Afrika, ingawa kutoka Mafia mpaka bara ni mwendo wa saa chache tu kwa chombo.

Walimu na wanafunzi wao wana nafasi mbili za kufanya safari ya namna hii: likizo ya katikati ya mwaka, mnamo Juni na Julai, na ile ya mwisho wa mwaka, mnamo Desemba. Katika kalenda ya shule nafasi hizo hufanana. Baharini hazifanani hata kidogo.

Kusi na kaskazi

Pepo mbili kubwa hutawala pwani ya Afrika Mashariki, na asili yake ni tofauti ya joto baina ya nchi kavu na bahari. Nchi kavu hupata joto upesi na kulipoteza upesi, ilhali bahari hukawia katika yote mawili. Kati ya Juni na Agosti bara la Asia hupata joto kali. Hewa iliyo juu yake hutanuka, hupungua densiti na kupanda, na kanieneo ya hewa karibu na ardhi hushuka. Ndipo hewa ya Bahari ya Hindi ya kusini, iliyo baridi zaidi, husukumwa kuelekea kaskazini. Huo ndio upepo wa kusi, uvumao kutoka kusini na kusini-mashariki tangu Aprili hadi Septemba hivi. Ifikapo Desemba mambo hugeuka: Asia imepoa, kanieneo yake imepanda, na upepo wavuma kutoka huko kuja kusini. Huo ni kaskazi, nao hudumu mpaka Machi. Baina ya pepo hizi mbili kuna kipindi cha upepo dhaifu usio na mwelekeo mmoja, ambacho mabaharia hukiita tangambili. Kile cha Oktoba na Novemba ndicho kipendwacho na wazamiaji, kwani bahari hutulia na maji huwa maangavu hata nje ya Ghuba ya Chole, mahali pasipofikika kwa urahisi wakati wa kusi.

Kundi la shule liondokalo mwezi wa Juni, basi, huikuta kusi katika nguvu zake. Hewa ni ya kupendeza, mvua za masika zimekwisha, na joto si kali. Lakini mlangobahari utenganishao Mafia na bara huchafuka. Wavukao kwa chombo kutoka Nyamisati, katika delta ya Rufiji, kwenda Kilindoni, hupita kwanza katika mikono ya mto iliyotulia baina ya mikoko. Utulivu huo humdanganya mgeni. Chombo kitokapo mdomoni mwa mto hukutana na upepo na mkondo wa maji kwa pamoja. Upepo na mkondo vikielekea upande mmoja mawimbi huwa marefu na ya kustahimilika. Upepo ukivuma kinyume cha mkondo, mawimbi hukaribiana, huinuka wima na kuvunjika. Bahari ile ile, upepo ule ule, yaweza kuwa salama asubuhi na hatari alasiri kwa sababu tu maji yamegeuka.

Hapa ifaa kukumbuka kanuni moja ya fizikia. Wimbi lenye kimo cha mita 2 halina nguvu maradufu ya wimbi la mita 1, bali mara nne, kwa kuwa nishati ya wimbi hukua kwa kipeo cha pili cha kimo chake. Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania itoapo tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, tahadhari hiyo si neno la desturi la kusikilizwa redioni na kusahauliwa. Ni sababu ya kutosha ya kuahirisha safari. Na kila abiria avae jaketi la kuokolea kabla ya chombo kung'oa nanga. Jaketi lililokaliwa kama mto wa kiti halijamwokoa mtu yeyote.

Vimbunga ni nadra katika latitudo hii. Ili kimbunga kizunguke chahitaji msukumo utokanao na mzunguko wa dunia yenyewe, na msukumo huo ni dhaifu sana karibu na ikweta. Hata hivyo, nadra si kamwe. Kimbunga kiliipiga Unguja mwezi Aprili mwaka 1872, kingine kikaipiga Lindi mwezi Aprili mwaka 1952, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia kwenyewe. Msomaji ataona kwamba vyote vitatu vilitokea Aprili na Mei, wakati kaskazi imekwisha, kusi haijakaa sawasawa, na bahari ingali na joto la miezi iliyopita. Hiyo ndiyo miezi ya masika, na ni heri likizo ya kisiwani isipangwe ndani yake.

Saa ya mwezi

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kutokana na mvutano wa mwezi na, kwa kiasi kidogo zaidi, wa jua. Baina ya kujaa kumoja na kwingine hupita saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mwezi uandamapo, na pia uwapo mpevu, mvutano wa jua na ule wa mwezi husaidiana, na hapo huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi uwapo nusu, mivutano hiyo hupingana, na hapo huwa maji mafu. Katika pwani ya Tanzania tofauti baina ya kujaa na kupwa hufikia mita 3 hadi 4 wakati wa bamvua, na yaweza kushuka hata kuwa mita moja hivi wakati wa maji mafu.

Jambo lisilojulikana na wageni wengi ni kwamba bamvua ina saa zake maalumu. Kwa kuwa siku za bamvua mwezi huwa katika mahali pale pale ukilinganishwa na jua, maji nayo hujaa katika saa zile zile. Sehemu za Dar es Salaam, Unguja na Mafia, siku hizo maji hujaa yapata saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, nayo hupwa yapata saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ndivyo ilivyo mwaka huu na ndivyo itakavyokuwa mwaka ujao. Mvuvi asiye na kalenda ya maji huutazama mwezi, akajua.

Mwanafunzi naye aweza kufanya hesabu hiyo darasani. Siku ya mwezi mwandamo maji yamekupwa saa nne asubuhi. Baada ya siku 7 yatakuwa yamechelewa kwa dakika 350, yaani karibu saa 6. Kwa hiyo siku hiyo yatapwa yapata saa kumi alasiri, na saa nne asubuhi, yalipokuwa yamekauka juma lililopita, yatakuwa yamejaa. Kundi litakalo kutembea juu ya mwamba uliokauka na kutazama kaa, konokono na majani ya bahari, litachagua siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mpevu, na litafika pale kabla ya saa nne. Kundi lenye mizigo mingi ya kupakua ufukweni halitachagua asubuhi hiyo, maana chombo kitakaa mchangani mbali na nchi kavu, na mapipa ya maji na magunia ya mchele yatabebwa vichwani kupita topeni.

Maji hayapwi kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mabaharia hugawa kina chote katika sehemu 12. Katika saa ya kwanza hushuka sehemu 1, saa ya pili sehemu 2, saa ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, saa ya tano sehemu 2, na ya mwisho sehemu 1. Nusu nzima ya maji, basi, huondoka katika saa mbili za katikati. Katika mlango wa Kinasi, ambamo maji mengi ya Ghuba ya Chole huingia na kutoka, huo ndio wakati ambao mkondo huweza kumchukua muogeleaji hodari akapelekwa bahari kuu. Wazamiaji hungoja maji yasimame, au huingia wakati yanapojaa, ili kama watachukuliwa wachukuliwe kuelekea ndani.

Kisima na bahari iliyo chini yake

Mgeni akichota maji baridi kisimani, hatua mia chache kutoka ufukweni, yampasa ajiulize kwa nini si ya chumvi. Jibu ni kwamba maji yale yanaelea. Mvua inyeshapo juu ya mchanga na mawe ya matumbawe huzama chini mpaka ikutane na maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba. Maji ya bahari yana densiti ya 1.025 hivi, na maji ya mvua 1.000. Kwa kuwa ni mepesi zaidi, maji ya mvua hukaa juu ya yale ya chumvi, yakafanya umbo la dengu: nene katikati ya kisiwa, jembamba pembeni.

Kanuni ya umbo hilo ilielezwa na Badon Ghijben wa Uholanzi, na baadaye na Herzberg wa Ujerumani katika mwaka 1901. Ili maji yatulie, uzito wa mhimili wa maji baridi lazima ulingane na uzito wa mhimili wa maji ya chumvi ulio nje yake. Ukifanya hesabu kwa densiti hizo mbili utapata kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 chini yake. Habari hiyo yaonekana kuwa ya neema, lakini ina upande wa pili. Kisima kikivutwa kwa pampu hata maji yakashuka sentimita 10 tu, maji ya chumvi yaliyo chini yake huelekea kupanda mita 4. Katika kisiwa chembamba ambako maji baridi yamesimama sentimita 20 tu juu ya usawa wa bahari, akiba yote chini ya usawa huo ni mita 8. Na nusu yake imekwisha.

Chumvi haihitaji kuwa nyingi. Maji huanza kuwa na ladha ya chumvi yanapokuwa na miligramu 250 hivi za kloraidi katika lita, na maji ya bahari yana miligramu 19,000 hivi. Kikombe kimoja cha maji ya bahari, robo lita, chatosha kuiharibu ladha ya ndoo ya lita 20. Kisima kikishaingiwa hakitengenezwi kwa kuachwa siku moja. Hungoja mvua ziisukume chumvi chini tena, na huenda zikahitajika za misimu zaidi ya mmoja.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa gilasi ndefu. Ayeyushe gramu 35 za chumvi katika lita moja ya maji na kuyatia rangi. Ajaze nusu ya gilasi. Kisha amimine maji baridi polepole juu ya mgongo wa kijiko. Tabaka mbili zitaonekana wazi. Akivuta maji ya juu kwa mrija ulio karibu na mpaka wa tabaka hizo, wanafunzi wataona rangi ikiinuka kuufuata mrija.

Katika funguvisiwa la Mafia kisiwa kikubwa hupata mvua nyingi kuliko Dar es Salaam, na kina udongo wa kuihifadhi. Visiwa vidogo vya mwamba wa matumbawe havina bahati hiyo. Mwamba huo una matundu mengi, bahari huingia ndani yake kwa urahisi, na akiba ya maji baridi huwa nyembamba. Wakazi wa Jibondo, mabingwa wa kuunda vyombo, wamekuwa na adha ya maji kwa muda mrefu. Wameishi kwa kukinga mvua na kwa kuvusha maji kwa chombo kutoka visiwa jirani. Ni ajabu kumwona fundi aundaye jahazi la kubebea mizigo ya watu wengine akilazimika kulipakia maji ya nyumbani kwake.

Na hapa kalenda ya mgeni na kalenda ya kisima hugongana. Mvua hupungua sana tangu Juni, na akiba ya chini ya ardhi huzidi kupungua mpaka vuli ianze mnamo Oktoba au Novemba. Miezi hiyo hiyo ya ukavu ndiyo miezi ya likizo katika nchi za Ulaya, na ndiyo ya likizo ya katikati ya mwaka kwa shule za Tanzania. Bomba la kuogea litoalo lita 10 kwa dakika hutumia lita 100 kwa mtu aliyeoga dakika 10: madumu matano ya lita 20, ambayo kwa familia nyingi ni kazi ya asubuhi nzima ya kuchota na kubeba. Kundi la watu 33 likikaa siku 4 na kila mmoja akatumia lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupikia na kuoga kwa kopo, litahitaji lita 2,640, yaani madumu 132. Wakioga kwa bomba lile, kuoga peke yake kutachukua lita 13,200. Kiongozi wa safari yampasa apeleke hesabu hii kwa mwenyeji wake kabla ya kuondoka, na aulize maji yatatoka wapi: tangi la mvua, kisima cha kijiji, au kisiwa kikubwa. Jibu likiwa ni kisima cha kijiji, na mwezi ni Septemba, inafaa kundi lilale katika kisiwa kikubwa na kuvitembelea visiwa vidogo mchana tu.

Wanyama na nyakati zao

Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hula planktoni na viumbe wadogo waeleao. Huonekana karibu na Kilindoni tangu Oktoba hadi Machi, kwa hiyo likizo ya Desemba ndiyo yake. Zamani ilidhaniwa kwamba miezi mingine huhama kwenda bahari za mbali. Watafiti waliwatia baadhi yao vifaa vitoavyo sauti na kutega vipokezi chini ya maji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wengi hawaendi mbali. Huondoka karibu na ufuko na kushuka kwenye kina zaidi, wakawa hawaonekani na watu walio juu ya maji. Kila papa potwe ana mpangilio wake wa madoa, usiofanana na wa mwingine, na picha ya ubavu nyuma ya matamvua yatosha kumtambua mwaka hadi mwaka. Mgeni aweza kupiga picha hiyo bila kumgusa mnyama, na mwendesha mashua apunguze mwendo, kwani rafadha za injini huwakata.

Aliyefika mwezi wa Juni au Julai hatamwona papa potwe kwa urahisi, lakini aweza kushuhudia watoto wa kasa wakitoka mchangani kisiwani Juani, majuma 8 hivi baada ya mayai kutagwa. Watoto hao huelekea kwenye mwanga ulio mkubwa zaidi karibu na upeo wa bahari. Tochi na taa za kambi huwapoteza wakaelekea nchi kavu.

Matumbawe hayana msimu wa kuonwa, lakini yana historia. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la kupita kiasi, matumbawe mengi ya Mafia yalipauka na kufa. Joto likizidi kwa nyuzi 1 tu juu ya kiwango cha juu cha kawaida, na likadumu kwa majuma kadhaa, mnyama wa tumbawe huutoa mwani uishio ndani yake, ambao ndio umpatiao sehemu kubwa ya chakula. Tumbawe lililonusurika kwa joto laweza kuvunjwa kwa unyayo mmoja wa mgeni asimamaye kupumzika.

Mwili wa msafiri

Dawa ya kukinga malaria huanzwa kabla ya safari, kwa ushauri wa daktari. Viatu vya mpira ni vya lazima mwambani, kwa sababu ya miiba na kwa sababu ya samaki mwenye sumu mgongoni afananaye kabisa na jiwe. Aliyechomwa naye atiwe mguu katika maji ya moto ya nyuzi 45 hivi, yaani ya kustahimilika bila kuunguza, kwa saa moja au zaidi. Sumu hiyo ni ya protini, nayo huvunjwa na joto. Kisha apelekwe kwa mganga.

Mzamiaji ana hesabu ya ziada. Akiwa kwenye kina huvuta hewa yenye kanieneo kubwa, na naitrojeni nyingi huyeyuka katika damu na mafuta ya mwili. Akipanda ndege mapema, kanieneo hupungua na naitrojeni hutoka kwa mapovu, kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Aliyezama kwa siku kadhaa hana budi kungoja saa 18 au zaidi kabla ya kuruka, na wengi huacha siku nzima.

Siku hiyo huingia vema katika akiba ambayo kila safari ya kisiwani yapaswa kuwa nayo. Shule ikifungua Jumatatu, kundi lisipange kuvuka Jumapili. Livuke Ijumaa, ili kusi ikizuia chombo Ijumaa na Jumamosi, ibaki Jumapili moja ya kungoja, pamoja na chakula na madumu ya maji ya siku hizo.